Tupeane uzoefu: umewahi kwenda Córdoba ukarudi siku hiyohiyo?

MtuWaPangani: Wakuu salaam. Waliofika Hispania, karibuni tupeane uzoefu wa Córdoba. Mimi nilipanda treni ya mwendokasi Madrid saa moja asubuhi, saa tatu kasorobo nikawa nimeshuka. Nikashika njia ya Mezquita, msikiti alioanza kuujenga mtawala Muislamu wa huko, Abd al-Rahman wa Kwanza, mwaka 785. Ndani ni msitu wa nguzo, zaidi ya 850. Ukizisogelea unaona kichwa cha hii hakifanani na cha jirani yake, maana nyingi za mwanzo zilitolewa kwenye majengo ya zamani ya Warumi na Wavisigothi, waliotawala huko kabla ya Waislamu. Zilikuwa fupi, kwa hiyo mafundi wakapandisha tao juu ya tao, tofali jekundu likipishana na jiwe jeupe, dari ikapata kimo. Unatembea hivyo, ghafla katikati unakuta kanisa kuu, maana Wakristo walipouteka mji waliugeuza msikiti kuwa kanisa; ujenzi wa hilo la katikati ulianza 1523. Nilikaa pale saa nzima, nikashindwa kuondoka.

BintiMvita: Mimi Muislamu, na nilijua kabla ya safari kwamba humo hairuhusiwi kuswali. Hata hivyo kusimama mbele ya mihrabu ya mtawala wa baadaye, al-Hakam wa Pili, mikono ikiwa chini kuliniuma sana. Vipande vidogo vya kioo na dhahabu, kazi iliyosimamiwa na fundi aliyetoka Byzantium. Katika yale maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, nilitambua jina la Allah, machozi yakanitoka.

Kibandamaiti: Pole dada. Mimi kilichonishika ni maneno. Ua wa nje unaitwa Patio de los Naranjos, yaani ua wa michungwa, nami naisikia narinji humo waziwazi. Niliokota moja lililoanguka, nikakwaruza ganda kwa ukucha: harufu kali, tamu. Nikaonja, chungu kweli. Zeituni kwao ni aceituna, sukari ni azúcar. Na mto Guadalquivir ni al-wadi al-kabir, mto mkubwa kwa Kiarabu. Kiarabu kilipita kwao, kikapita na kwetu.

MamaWawili: Jamani msiende Julai! Joto lilipita nyuzi 40. Kwenye daraja la Kirumi mume wangu akaanza kuona kizunguzungu, nikamkokota hadi kwenye mgahawa wenye kivuli. Wakatuletea salmorejo, supu nzito ya baridi ya nyanya iliyosagwa na mkate, kitunguu saumu na mafuta ya zeituni. Ilimrudisha. Ila juu huweka yai na vipande vya nyama ya nguruwe, kwa hiyo asiyekula aseme mapema. Nendeni Mei, watu hufungua nyua zao, kuta zimejaa vyungu vya maua.

NjiaPanda: Nilipokwenda mimi, Jumatatu hadi Jumamosi saa mbili na nusu hadi saa tatu na nusu asubuhi Mezquita ilikuwa bure kwa wasio na kikundi. Kimya, unasikia nyayo zako. Baadaye pita sinagogi ya mwaka 1315, ni chumba kimoja kidogo, lakini ile nakshi ya plasta na maandishi ya Kiebrania inahitaji utulivu.

MtuWaPangani: Mkuu, hiyo ya asubuhi sikuijua, nilikuta vikundi vimeshajaa. Aprili narudi na mama, na magoti yake hayampi safari ndefu. Aliyekwenda na mzee atuambie: kutoka kituoni mlitembea au mlichukua teksi?