Vimulimuli wamepotea mtoni, ni maji au nini?

mzee_wa_mto: Wakuu naombeni mawazo. Zamani usiku kingo za mto huu zilikuwa zinametameta kote, siku hizi ukihesabu vimulimuli kumi una bahati. Watu wanasema maji yamechafuka ila mi nayaona masafi kabisa, mpaka mawe ya chini yanaonekana. Na mdudu mwenyewe si anaruka hewani, maji yanamhusu nini? Inaniuma, wanangu hawajawahi kuwaona wakiwa wengi.

Konokono_1: Yanamhusu sana mkuu. Anayeruka yuko siku zake za mwisho. Chukua genji, aina ya kimulimuli wa Japani, buu wake anakaa ndani ya maji kama miezi tisa anakula konokono wa mtoni wanaoitwa kawanina, halafu anapanda ukingoni usiku anajichimbia kwenye udongo, akitoka na mabawa anaishi wiki moja au mbili, anakunywa umande tu basi. Sasa konokono wakifa buu atakula nini? Konokono anataka oksijeni ya kutosha, mwani kwenye mawe na madini ya chokaa ya kujengea gamba. Dawa za kuua wadudu zikisombwa na mvua kutoka mashambani zinaingia mtoni na rangi ya maji haibadiliki hata kidogo, kwa hiyo macho yasikudanganye.

usiku_mwema: Naongezea hapo, genji ni wa pekee kidogo. Duniani kuna spishi zaidi ya 2,000 na nyingi mabuu yao yanaishi nchi kavu penye unyevunyevu. Kuna wengine wako katikati, kama wale wa Kuala Selangor kule Malaysia wanaowaka na kuzima kwa pamoja kwenye miti ya berembang, mabuu yao yako kwenye tope la ukingoni yanakula konokono wadogo, pale maji baridi yanapokutana na ya chumvi. Kwa hao hata kiasi cha chumvi kikibadilika ni shida. Halafu ukingo ukijengwa zege buu atajichimbia wapi? Na taa pia, dume anamulika jike hamuoni.

mzee_wa_mto: Aisee. Zege lipo upande mmoja. Sasa nitajuaje kama ni maji?

Konokono_1: Geuza mawe, angalia kama kuna konokono na wadudu wengine wa majini, ukishamaliza rudisha kila jiwe lilivyokuwa.

mzee_wa_mto: Nimerudi wakuu. Mtoni nimegeuza mawe kama ishirini, konokono hakuna hata mmoja. Ila kuna kijito kinaingia mtoni kutokea juu ya mashamba, huko wapo kibao, na jana usiku nimeona vimulimuli watatu hapohapo. Nimefurahi sijui nisemeje! Nawaza niwatafute wengine kwingine niwalete.

usiku_mwema: Usiwalete mkuu tafadhali. Japani genji wa magharibi wanamulika kila sekunde 2 hivi, wa mashariki kila 4, na kuhamishahamisha kumechanganya koo zao. Hao watatu ni wa hapohapo. Pambana kijito kisiguswe, majani ya ukingoni yaachwe, na ongea na wenye mashamba waache ukanda usiopigwa dawa pembeni ya maji, konokono wenyewe watashuka taratibu na maji.

mzee_wa_mto: Sawa, kesho asubuhi naanza na jirani wa shamba la juu.