Ryzen 5 7600 au i5-12400F? Wakuu nisaidieni kabla sijatoa hela

Kifaranga07
Wakuu habari zenu, naombeni ushauri maana hapa nilipo kichwa kinazunguka na kadri ninavyozidi kusoma ndo nachanganyikiwa zaidi. Nataka kubadilisha prosesa. Natumia kompyuta ya mezani yenye prosesa ya Intel i5-4570, ile ya mwaka 2013, kori 4 (vitengo vya kufanya kazi) na thredi 4 (kazi inazoshika kwa pamoja), ram GB 8 za aina ya DDR3. Imenitoa mbali lakini saivi imechoka, Windows 11 haiipokei rasmi, na nikifungua Premiere, programu ya kuediti video, pamoja na brauza yenye tabu kama kumi hivi basi mausi inaanza kutembea kama imelewa. Kazi zangu ni kuediti video za harusi na za wateja wadogo wadogo, kuandika programu kidogo, na usiku gemu mbili tatu za kupoza akili. Kadi ya grafiki ninayo, GTX 1650 ya GB 4, hiyo nabaki nayo kwanza.

Orodha ya prosesa nimeichuja zimebaki mbili, Ryzen 5 7600 ya AMD na Core i5-12400F ya Intel. Zote kori 6 thredi 12, ila ya AMD inafika 5.1 GHz na ya Intel 4.4. Sasa jamaa mmoja ananiambia achana nazo chukua i5-13400 maana ina kori 10, mwingine ananiambia tafuta i7 yoyote hata ya zamani kwa sababu i7 ni i7. 7600 iko juu kwa bei lakini sio sana. Mnasemaje? Tafadhali msinitukane mie sio fundi.

ChumaChakavu
7600. Mods fungeni uzi.

MzeeWaSoketi
@ChumaChakavu wewe kila uzi jibu ni moja, hata mtu akiuliza printa utamwambia 7600.

@Kifaranga07 tuanze na huyo wa "i7 ni i7", huyo mwogope. Hiyo namba inapanga prosesa za kizazi kimoja, ukishavuka vizazi haina maana tena. Core i3-12100 ina kori 4 thredi 8, sawasawa na i7-7700K iliyokuwa inatamba 2017, na i3 inaipiga. Kwenye laptopu ndo kuna vituko zaidi, i7-7500U ilikuwa na kori 2 tu wakati i5-8250U iliyokuja baada yake ina 4, na watu waliendelea kuuziwa ile i7 kwa bei ya heshima kisa stika.

GHz nazo hivyo hivyo. Sisi wa zamani tulishaumwa na nyoka huyu enzi za Pentium 4, zilifika 3.8 GHz, zinachemka kama jiko, halafu Athlon 64 ya AMD yenye GHz chache inazipita kwenye gemu. Mwaka 2006 Intel wenyewe wakaja na Core 2 Duo yenye GHz ndogo na ikazifunika Pentium 4 zote. AMD nao wakarudia kosa lile lile, 2013 wakatoa FX-9590 ya 5 GHz inayokula wati 220, na haikuwafikisha popote. Kinachohesabika ni kazi inayofanyika kwa kila mzunguko mmoja, hizo GHz ni idadi ya mizunguko tu, na mzunguko wa prosesa ya leo sio mzunguko wa ile ya jana.

Kuhusu hizo kori 10 za 13400, ni 6 kubwa na 4 ndogo. Ndogo zinasaidia kwenye kurenda (kutoa video iliyokamilika) lakini usizihesabu kama zile kubwa. Kati ya mbili zako, 7600 ina kasi zaidi, hilo halina mjadala. Swali ni kama wewe utaiona hiyo kasi.

NyotaNjema
Mzee kamaliza. Naongezea la gemu, kwa GTX 1650 hutaona tofauti yoyote ya maana, kadi ndo itakuwa inakwama kabla ya prosesa. Fanya hivi, fungua gemu lako, weka task manager ya Windows pembeni, angalia GPU, yaani kadi ya grafiki. Ikikaa asilimia 97 kwenda juu muda wote basi hata ukiweka prosesa ya dola elfu fremu zitabaki pale pale. Hizo grafu mnazoona 7600 inaiacha 12400F kwa mbali wanajaribu kwa kadi kubwa kuliko zote na rezolusheni ndogo makusudi, ili prosesa ndo iwe mwisho wa uwezo. Sio uongo ila sio maisha yako.

Kifaranga07
Asante sana wakuu. Nimeangalia GPU inacheza 98-99 kumbe tatizo la gemu ni kadi, na mie muda wote nailaumu prosesa ya watu. Kwa hiyo kumbe hata 12400F ni nyingi kwangu?

Jogoo_la_Shamba
Intel saivi mtu ananunua vipi wakati zinaungua zenyewe??? Kizazi cha 13 na 14 zote ni bomu, kaa mbali

MzeeWaSoketi
@Jogoo_la_Shamba usimtishe mtoto wa watu. Tatizo lilikuwepo na Intel walikiri, zilikuwa zinajipa volti kubwa kuliko inavyotakiwa na taratibu zinachakaa mpaka programu zinaanza kuanguka bila sababu. Agosti 2024 wakatoa maikrokodi (apdeti ya ndani ya prosesa) ya kuzuia kupitia BIOS, ile programu ya bodi inayowasha mashine, na warantii wakaongeza miaka miwili. Orodha ya warantii hiyo inaanzia i5-13600K kwenda juu. Kizazi cha 12 hakimo kabisa, na yeye kauliza 12400F. Anayenunua 13 au 14 ya mkononi mwa mtu ndo ajiulize ilikuwa inaendeshwa na BIOS gani, maana iliyokwishachakaa haiponi kwa apdeti.

BintiRenda
Samahani nimechelewa kuingia. Mbona hakuna aliyemuuliza video zake zinatoka kwenye kamera gani? Kazi ya hela hapa ni video, gemu ni mapumziko tu, na nyie mmekesha kwenye gemu. Kifaranga hebu bonyeza faili moja uangalie kodeki, yaani mbinu iliyobana video, H.264 au H.265, bit 8 au 10, na kama imeandikwa 4:2:0 au 4:2:2, hizo zinaonyesha rangi kiasi gani imehifadhiwa. Hapo ndo jibu lilipo.

Kifaranga07
Nimeangalia dada. Za simu ni H.264 na hizo hazinisumbui sana. Za kamera ni 4K H.265 bit 10 4:2:2 na hizo ndo zinaniua, nikigusa taimulaini, pale ninapopanga vipande vya video, inaganda sekunde nne tano halafu inaruka. Nilidhani ni ram.

BintiRenda
Basi nilijua tu. Ram GB 8 nayo ni ndogo sana kwa kazi hiyo lakini sio mchawi wako mkuu.

Iko hivi, faili za H.265 zimebanwa sana, na kuzifungua kila fremu ni kazi nzito. Ndo maana ndani ya kadi za grafiki na baadhi ya prosesa kuna kipande maalumu kinachofanya kazi hiyo tu. Sasa hicho kipande kwenye GTX 1650 yako kinafungua H.265 ya 4:2:0 vizuri, ila 4:2:2 hakiijui. Nvidia wameanza kuikubali 4:2:2 kwenye RTX 50 zilizotoka 2025. Grafiki ndogo iliyomo ndani ya Ryzen 7600 nayo haiwezi. Grafiki za ndani za Intel zinaiweza tangu kizazi cha 11, na Premiere inazitumia. Kwa hiyo ukichukua 7600 video zako zitafunguliwa na kori zenyewe kwa nguvu, zitaenda kuliko sasa, ila jasho litatoka.

Halafu angalia jina vizuri maana hapa watu wanalia kila siku, ile herufi F mwishoni maana yake grafiki ya ndani hakuna. 12400F kwa kazi yako ni kununua gari ukaacha tairi. Unataka 12400 isiyo na F, na ukikuta 12500 bora zaidi maana grafiki yake UHD 770 ina vipande viwili vya kufungua video, ile ya 12400 ina kimoja. Januari 2022 zilipotoka Intel walipanga dola 167 kwa 12400F na 192 kwa 12400, hizo dola 25 ndo zina kazi yako yote.

Fremu60
Au atengeneze proksi tu. Kopi ndogo za video, anaeditia hizo, mwisho programu inarudisha faili halisi wakati wa kurenda. Mimi mwaka wa tatu naeditia proksi kwenye kompyuta mbovu kuliko yake na wateja hawajui. Bure kabisa.

BintiRenda
@Fremu60 kweli proksi zinafanya kazi na aanze nazo hata leo usiku. Ila harusi moja ina saa sita za video, usiku mzima mashine inatengeneza proksi na diski inajaa. Ukiwa na kazi moja kwa mwezi sawa, ukiwa nazo nne utachoka.

ChumaChakavu
Haya nimewasikia, ila mbona hamuongelei soketi, pale prosesa inapokaa kwenye madabodi? LGA1700 ya 12400 imekufa. Imepokea kizazi cha 12, 13 na 14 basi, Oktoba 2024 Intel wakahamia LGA1851 na Core Ultra. AM5 ya 7600 imeshapokea Ryzen 9000 na AMD wamesema wanaishikilia mpaka 2027 angalau. Soketi ya kabla yake, AM4, bodi za 2017 zilikuja kuruhusiwa kubeba Ryzen 5000 kwa apdeti ya BIOS tu. Kijana akinunua AM5 leo, miaka mitatu mbele anabadilisha prosesa pekee. Akinunua 12400 anaanza upya na madabodi na ram.

NyotaNjema
Leo Chuma kaandika zaidi ya neno moja, nimeshtuka. Na ana hoja. Ila AM5 ni DDR5 peke yake, LGA1700 kuna bodi za DDR4 na bodi za DDR5. Kifaranga usilinganishe bei ya prosesa kwa prosesa, weka prosesa na madabodi na ram kwenye karatasi moja ndo ujumlishe, utashangaa ile "sio sana" yako inavyovimba. DDR3 uliyonayo haiingii kokote.

Kifaranga07
Eeh hapo kwenye ram, shemeji yangu alibadilisha mashine akaniachia DDR4 GB 32, vipande viwili vya 16. Nilikuwa naona hazina kazi kwangu. Hizo si zinaingia kwenye bodi ya 12400?

MzeeWaSoketi
Mwenye bahati habahatishi. Kijana unauliza nini tena, tafuta bodi ya B660 au B760 ya DDR4, iangalie kwenye boksi kabisa imeandikwa DDR4 maana bodi moja inatoka kwa aina mbili na ukikosea ram haiingii, mwanya wa pini hauko sehemu moja. Hoja ya soketi ya Chuma ni ya kweli lakini jiulize, i5-4570 umekaa nayo miaka mingapi? Je uliwahi kubadilisha prosesa bila bodi? Wengi tunanunua soketi yenye maisha marefu halafu hatuigusi mpaka inazeeka.

Na ununue ya boksi, inakuja na feni. Zile za trei hazina feni, bei inaonekana ndogo halafu unaanza kutafuta kipoozeo.

Kifaranga07
Wakuu narudi na mrejesho, wiki mbili zimepita. Nimechukua i5-12400 bila F, bodi ya B660 DDR4, ram za shemeji zimekubali zote. Lakini taimulaini bado inaganda!! Sio kama mwanzo ila inaganda, na kwenye task manager naona 1650 peke yake, Intel haipo. Nimeibiwa nimepewa F?

BintiRenda
Hapana, tulia. Bodi nyingi zikiona kadi ya grafiki zinazima ya ndani. Ingia BIOS, tafuta sehemu ya grafiki ya ndani, iwashe kwa nguvu, wengine wameiita iGPU Multi-Monitor. Kisha weka drava (programu ya kuiendesha) ya grafiki ya Intel, halafu kwenye Premiere nenda mapendeleo, sehemu ya midia, weka tiki kufungua video kwa Intel.

Kifaranga07
Dadaaa!!! Imekubali. Naburuta video za kamera tatu kwa pamoja inaenda tu, ikikwama ni kidogo sana. Gemu ziko vile vile ila nilishaambiwa. Asanteni sana wote hata Chuma.

Fremu60
Safi. Hiyo i5-4570 na bodi yake unaiuza? Njoo PM.