Wana wa Mtambwe: safari ya Salma

Shangazi Rukia, 20:14: Asalaamu alaykum. Salma kakubaliwa chuo Melbourne, Australia: uandishi wa habari pamoja na shahada ya sanaa, mchepuo wa kriminolojia. Kila mtu aseme anatoa nini. Leo.

Shangazi Rukia, 20:41: Watu 19 mmesoma. Mmekatwa mikono?

Haji, 20:43: Kwa hiyo anakwenda kusomea uhalifu? Si angebaki sokoni Darajani, bure 😂

Mwanaidi, 20:43: 😂😂

Nassor, 20:50: Kriminolojia si upolisi wala sheria. Wanasoma kwa nini watu wanavunja sheria, adhabu inasaidia nini, takwimu zinahesabiwaje. Polisi wakisema wizi umepanda, mwandishi aulize: umepanda wizi, au watu wanaoripoti?

Shangazi Rukia, 20:51: Miaka mingapi?

Nassor, 20:56: Shahada 2 za miaka 3, zinabanwa kuwa 4. Nafasi za masomo ya hiari za upande huu zinajazwa na masomo ya upande ule. Kwa hiyo hana pa kupumulia. Somo la msingi likimpita huenda asilipate mpaka mwaka unaofuata, na linalolitegemea linasogea. Visa inafuata tarehe za chuo; muhula ukizidi ni ada tena na visa tena. Achore mihula yote 8 kwenye karatasi kabla hajajisajili.

Haji, 20:58: Atafanya kazi huko.

Nassor, 21:03: Mwisho saa 48 kwa wiki 2 masomo yakiendelea. Na mafunzo ya vitendo magazetini mara nyingi hayalipwi. Ombi la visa dola 2,000 za kwao, wakikataa hairudi. Halafu aonyeshe 29,710 za kujikimu mwaka mmoja, mbali ya ada ya mwaka wa kwanza na nauli. Pesa zikiingia benki kwa mkupuo wataulizia zimetoka wapi.

Shangazi Rukia, 21:04: Ndo maana nasema kile kiwanja cha Fuoni.

Mwanaidi, 21:20: Fuoni tena? Kama ya Saidi?

Shangazi Rukia, 21:20: Ya Saidi yasiletwe hapa.

Haji, 21:22: Yaletwe wapi, baraza la mji?

Asha, 21:37: Bibi kanambia niandike: "Kiwanja hakiuzwi nami ningali hai. Mtoto aende. Tafuteni kwengine."

Shangazi Rukia, 21:52: Sawa mama.

Haji, 21:55: Mie laki 3, mwisho wa mwezi.

Mwanaidi, 21:58: Mie baada ya karafuu.

Shangazi Rukia, 21:59: Karafuu za lini? Chuo kinataka malipo ya kushika nafasi Ijumaa ijayo! Nassor, na wewe?

Ami Juma, 06:12: Ndo naona sasa. Nani anakwenda wapi?