Wauza strati baa, mnatuuzia pambo la boneti mkiita "kukaza chesisi"

Wakuu, salamu zitafuata baadaye, kwanza niteme nyongo.

Nimeuziwa strati baa. Kwa ambaye hajawahi kuiona, ni kile chuma kinachokatiza juu ya injini kuunganisha mnara wa shokapu ya kushoto na wa kulia, pale shokapu za mbele zinapofungiwa kwenye bodi. Kazi yake ni moja: kuzuia vichwa vya hiyo minara visisogeleane wala kuachana gari linapokata kona kwa nguvu. Haikuletwa kupoza injini, haikuletwa kuongeza spidi, wala haikuletwa kung'aa. Na hii niliyouziwa, hiyo kazi moja imeishinda.

Iko hivi: bomba la alumini lililobapwa, limepakwa bluu ya kuvutia macho, limekunjwa katikati ili lipite juu ya kifuniko cha injini. Kila ncha imeshikwa na bolti moja kwenye breketi ya bati jembamba, na breketi ndiyo inayokaa juu ya mnara. Nilipoifunga, kilichoongezeka kwenye gari ni kelele tu. Kila nikivuka tuta inalia kwi, kwi. Nikaifungua, nikaisimamisha wima juu ya mzani wa kupimia uzito wa mwili, nikafunga rula ya chuma pembeni yake, nikailalia kwa kifua taratibu. Mzani haujafika hata kilo 40, breketi zote mbili zimeshaanza kujikunja na ncha zimesogeleana zaidi ya milimita 2. Kilo 40! Gari la tani moja na ushee likikata kona kwa kasi, tairi ya mbele ya upande wa nje inasukumwa pembeni kwa mamia ya kilo, na sehemu ya nguvu hiyo inapanda mpaka kwenye kichwa cha shokapu. Sasa kitu kinachosalimu amri kwa kifua changu kitazuia nini huko?

Nikampigia muuzaji. Jibu la kwanza: "Mkuu, itajikaza yenyewe ukiendelea kuitumia." Jibu la pili, baada ya mimi kupandisha sauti: "Hiyo ni ya matumizi ya kawaida, si ya mashindano." Kumbe wakati wa kuinadi ilikuwa ya mashindano! Tena aliniapia kwamba gari litaacha kulala, yaani kuinamia upande, kwenye kona.

Hapo kwenye kulala ndipo uongo mkubwa ulipo, na unaenea kwa sababu wengi wanachanganya strati baa na stabilaiza, ile fito ya chini inayounganisha magurudumu ya kushoto na kulia ili gari lisiiname. Gari linalala kwenye kona kwa sababu ya ulaini wa springi, ulaini wa stabilaiza na urefu wa kitovu cha uzito kutoka chini. Strati baa haigusi hata kimoja kati ya hivyo. Ukitaka gari lisilale, nenda kaangalie linki za stabilaiza na bushi zake, halafu ndiyo uwaze stabilaiza nene zaidi. Mtu yeyote anayekuuzia strati baa kwa ahadi ya kupunguza kulala, ama hajui anachouza au anajua vizuri sana.

Basi inasaidia wapi? Inategemea gari lako limefungwaje mbele. Mfumo wa MacPherson, ule ambao Earle MacPherson alianza kuuchora akiwa General Motors miaka ya 1940 kabla ya kuhamia Ford, hauna mkono wa juu, yaani kile chuma cha kushikilia gurudumu kwa juu. Shokapu yenyewe ndiyo inayoshikilia gurudumu lisimame wima, kwa hiyo kichwa cha mnara kinabeba uzito wa gari na papo hapo kinasukumwa pembeni. Mnara ukiyumba, kemba (mwinamo wa gurudumu ukilitazama kwa mbele) inabadilika katikati ya kona na usukani unakuwa mzito kujibu. Huko strati baa nzuri ina kazi ya kufanya, hasa kama bodi ni ya zamani, au umeweka springi ngumu na tairi zinazoshika sana.

Lakini gari lenye mikono miwili, wa juu na wa chini, kama Honda Civic na Integra za miaka ya 1990, nguvu ya pembeni inaishia kwenye mikono. Mnara wa shokapu pale unabeba zaidi nguvu ya juu na chini. Najua kuna mtu ataruka: "Mbona Integra Type R ilitoka nayo kiwandani?" Ilitoka nayo, ndiyo. Ilitoka pia na bodi iliyoongezewa ponti za kuchomelea na bati nene sehemu nyingine. Wewe umenunua lile bomba tu.

Sasa nije kwenye ule mkunjo, maana ndio ulionichefua zaidi.

Chukua bomba la chuma la kipenyo cha milimita 25, unene wa ukuta milimita 2, urefu mita 1. Likiwa limenyooka, ili ulifupishe kwa nusu milimita tu unahitaji kulisukuma kwa karibu tani moja na nusu. Bomba hilo hilo likunje katikati, mkunjo uwe milimita 50 nje ya mstari unaounganisha ncha zake. Nusu milimita ile ile sasa unaipata kwa kilo 110 hivi. Ukikunja milimita 100, zinatosha kilo 30. Chuma ni kile kile, uzito ni ule ule, ila ukishalikunja halibanwi tena kwa urefu wake, linapinda kama upinde. Na hapo nimehesabu bomba la chuma la mviringo, si hili la alumini lililobapwa ambalo kwa unene huo huo ugumu wake unashuka mpaka karibu theluthi moja ya ule wa chuma, kwa sababu ugumu wa alumini ni kama 70 GPa na wa chuma ni kama 200.

Simaanishi alumini ni mbaya. Alumini nene iliyonyooka ni safi na nyepesi. Ila wakitengeneza ya bei ya chini wanaweka ukuta mwembamba, wanaikunja, wanaipaka rangi, na sisi tunapigwa changa la macho. Zile zenye nakshi ya kaboni nyingine ni ganda tu limevalishwa juu ya bomba la alumini, tena breketi ni zile zile za bati. Ukienda kununua, macho yako yasiende kwenye bomba. Nenda moja kwa moja kwenye ncha. Bolti moja inayopita kwenye tundu ni bawaba. Tundu likipanuka kidogo tu una kitu kinachosogea kabla hakijaanza kuzuia chochote. Halafu tazama breketi inanyanyua bomba kiasi gani juu ya mnara. Sentimita 5 za bati lililosimama bila kukaziwa pembeni ni wenzo wa kuikunja breketi yenyewe, hata kama bomba ni nene kama la maji machafu.

Kuna nyingine zina uzi wa kulia ncha moja na wa kushoto ncha ya pili, ukizungusha bomba linarefuka au kufupika. Hizo zina faida yake, zinaondoa nafasi ya kuchezacheza. Ila watu wanazigeuza jeki, wanakaza mpaka bati la mnara linalalamika, wanadhani ndiyo ugumu. Gari likiwa limesimama kwa matairi yake sehemu iliyonyooka, unazungusha mpaka nafasi iishe, unafunga nati ya kulokia, basi. Kuanzia hapo ukiendelea unasukuma minara tu.

Baada ya hiyo hasira nimejitengenezea mwenyewe, na naeleza hapa kwa sababu wale wale wauzaji wanasema bila mashine za kiwandani huwezi. Nilikata kadibodi kwanza, nikaibonyeza juu ya bolti za mnara mpaka zikaacha alama, ndiyo nikapata ramani ya matundu. Breketi ni pleti ya milimita 5, inashika bolti zote tatu za mnara, na juu yake nimechomelea pembetatu mbili za kukazia ili isijikunje. Bomba limenyooka. Kama kifuniko cha plastiki cha injini kinazuia, ondoa kifuniko, usikunje bomba! Kifuniko hakishiki gari.

Kosa ambalo mafundi wengi wanalifanya ni kuchomelea kila kitu juu ya gari mpaka mwisho. Moto ukipoa unavuta, ukifungua nati breketi haikubali kurudi kwenye tundu zake, na fundi anaanza kupanua matundu kwa drili. Umerudi kwenye nafasi ile ile uliyokuwa unaikimbia. Shika kwa ponti ndogo tu likiwa garini, tena ukiwa umechomoa waya hasi wa betri na kufunika kontena la mafuta ya breki. Kisha fungua, ifunge kwenye chuma kizito chenye matundu ya vipimo vile vile, umalizie kuchomelea kikiwa kimebanwa, na usikifungue mpaka kipoe kabisa.

Kabla hujapaka rangi, weka vidonge vya udongo wa kuchezea watoto juu ya bomba, funga boneti taratibu, fungua tena upime vimebonyea kiasi gani. Na kumbuka injini haitulii. Weka gia huku mwenzako amekanyaga breki, uone inavyoruka kwenye maunti zake, zile raba zinazoishikilia. Kama bomba limeachiwa upenyo wa kidole tu na maunti zimechoka, zitagongana.

Nati za mnara mara nyingi ni M8 (za bolti ya milimita 8), na hukazwa kwa Nm 20 hadi 30 hivi kwa spana ya kupimia, ila kitabu cha gari lako ndicho kinachosema. Si za kukazwa na mtu anayening'inia kwenye spana. Na kwa sababu umeongeza unene wa pleti, hakikisha nyuzi za bolti bado zinachungulia juu ya nati. Zikiishia ndani, nati haijashika sawasawa. Ile nati kubwa ya katikati inayoshika fito ya shokapu usiiguse kabisa, springi iliyobanwa iko chini yake. Nimeona video ya mtu anaifungua ili "apate nafasi ya breketi". Mungu amlinde.

Kwa wale mtakaoniuliza kama inaleta tofauti: nilipima kabla na baada. Mabomba mawili membamba, moja linaingia ndani ya lingine, nikayafunga kati ya minara, nikavisha pete ya mpira kwenye lile la ndani. Minara ikisogeleana, bomba la nje linaisukuma pete na pete inabaki pale. Bila kitu, pete ilisogea kama milimita moja kwenye kona kali. Ile ya bluu ilipofungwa, pete ilisogea vile vile. Hii ya chuma, sikuona pete imeondoka mahali pake. Usukani unajibu mapema kidogo mwanzoni mwa kona, na dashibodi imepunguza kelele. Ni kidogo, sitawadanganya. Gari ambalo bushi za mikono zimekwisha na bolijointi zinacheza hutaisikia kabisa hiyo tofauti, na pesa yako ingefaa huko kwanza.

Tena ina mipaka yake. Ya pointi mbili haizuii mnara mmoja kwenda mbele na mwingine kurudi nyuma, inageuka nayo tu. Hilo linahitaji pointi ya tatu, ishikwe kwenye ukuta wa nyuma ya injini, ndiyo upate pembetatu. Na ukigongwa upande mmoja, sehemu ya nguvu inaweza kupita kwenye bomba kwenda kuharibu mnara wa upande wa pili. Muuzaji wangu haya hakuyataja, alikuwa anahesabu rangi: bluu, nyekundu, zambarau.

Nimedai kurudishiwa pesa, naambiwa bidhaa "imeshatumika". Imetumika kufanya nini, ndicho nachomuuliza mpaka leo.

Wauzaji mliomo humu, na najua mmo, mkija kujibu uzi huu leteni unene wa ukuta wa bomba, unene wa breketi, na kimo cha mkunjo kutoka kwenye mstari wa ncha hadi ncha. Msilete picha ya gari limeegeshwa jioni boneti iko wazi. Na kama kuna mdau ameshajenga ya pointi tatu kwenye gari ambalo paneli ya waipa, ile ya chini ya kioo cha mbele, inaziba ukuta wa nyuma ya injini, naomba aeleze alipita wapi, maana mimi hapo ndipo nimekwama na sitaki kukata paneli.