Mikono kufa ganzi kwa sababu ya kazi: tupeane uzoefu

Wakuu, nachapa tasnifu za wanafunzi steshenari, Dodoma. Msimu wa kukusanya kazi chuoni ukifika, usiku naamka vidole vinawaka moto, mpaka niukung'ute mkono ndo usingizi urudi. Fizio (mtaalamu wa tiba ya viungo) aliniuliza kama kidole cha mwisho nacho kinakufa ganzi. Nikamwambia hapana. Akasema basi inayobanwa ni neva inayopita katikati ya kifundo cha mkono. Hiyo inahudumia dole gumba hadi nusu ya kidole cha pete, kile cha mwisho kina neva yake. Nalala na splinti (kifaa kigumu cha kushikilia mkono), kifundo kimenyooka. Laptopu nimeipandisha juu ya rimu za karatasi, nikanunua kibodi na mausi za pembeni. Nafuu ipo. Nyie mlifanyaje? Dawa za kuchua msinitajie, nimezimaliza zote.

Fundi cherehani, Mbeya
Kwetu ni bega na shingo. Kiti cha plastiki kifupi, meza iko juu, unashona mabega yamepanda kama mtu anayesikia baridi. Nimeweka mto mgumu, viwiko vikaja usawa wa meza. Halafu mkasi: sare za shule kitambaa chake kigumu, na mkasi butu ndo unaoua dole gumba. Naunoa mara kwa mara, na sikati zote kwa mkupuo. Nakata chache, nashona, narudi kukata.

Mpika chapati, Mombasa
Fundi, usawa wa kiwiko ni kwa cherehani. Mimi wa kukanda unga nataka meza chini ya kiwiko, nisukume kwa uzito wa mwili. Nilipokuwa nakandia juu, kifundo kilivimba.

Kinyozi, Mwanza
Kiti cha kupanda na kushuka. Ghali, ila bega limepoa.

Muuguzi, Morogoro
Ganzi ikiwa na miguuni, pimeni sukari kwanza, msiilaumu kibodi. Wajawazito nao hupata hiyo ya kifundo, mara nyingi huisha baada ya kujifungua. Ila nyama ya chini ya dole gumba ikianza kusinyaa, splinti pekee haitoshi, nenda hospitali.

Karani, Dar
Bosi wangu kaniambia ni uzee, nina miaka 34! Sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya 2008 inagusa hata magonjwa yatokanayo na kazi. Kuna aliyewahi kudai WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi) kwa mkono tu, bila ajali? Walitaka vielelezo gani?