Naomba ushauri: kompyuta ya ABS inapotea hewani kila nikipita kwenye shimo

Wadau, salamu kutoka Malindi. Gari langu dogo la Kijapani likipita kwenye shimo, taa ya ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki) inawaka na mshale wa spidi unalala, kisha mambo yanarudi kama hapakuwa na neno. Breki za kawaida zinashika. Mashine ya kusoma hitilafu inatoa U0121, yaani mawasiliano na kompyuta ya ABS yamekatika.

Fundi anataka ninunue kompyuta nyingine. Sijashawishika, na bei yenyewe inatoa jasho. Nilichomoa terminali ya betri, nikapima kwa multimita kati ya pini 6 na 14 za soketi ya OBD, ile ya kuchomekea mashine ya kusoma hitilafu. Zile waya mbili za CAN, ambazo kompyuta za gari huwasiliana kupitia hizo, zina rezista ya omu 120 kila mwisho, kwa hiyo zikiwa nzima husoma takriban 60. Zangu zinasoma 60 vizuri, lakini nikitikisa fungu la waya karibu na gurudumu la mbele kushoto, zinaruka hadi 120, yaani rezista moja tu ndiyo inayoonekana. Sasa kompyuta inaingiaje hapo? Nashuku waya umekatika ndani ya plastiki, au plagi imeota kutu ya kijani. Hewa ya chumvi huku haina huruma.

Mliowahi kukutana na hili: nianze kufungua plagi ya ABS, au nifuate waya kwanza? Nikiunga, solda itastahimili mtikisiko, ama nibadilishe kipande kizima na kuzisokota upya waya mbili hizo pamoja? Na kuna fundi mwenye osiloskopu (kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme) hapa au Watamu, kabla sijafikiria Mombasa?