Albamu ya safari ya Kilwa, picha zisinatane

Swali: Habari wadau, tulienda Kilwa Kisiwani kwa boti na wanangu, picha nishasafisha na tiketi ninazo, nataka albamu ya karatasi sio ya kwenye simu, ila hapa Lindi unyevu wa bahari ulishanatisha picha zangu za zamani zote, roho inaniuma. Nibandikeje?

Jibu: Pole dada. Gundi ya maji achana nayo, karatasi inajikunja. Kata vipembe vya karatasi, bandika hivyo, picha uichomeke kona zake, siku ukiitaka inatoka nzima.

Jibu: Nyuma andika kwa penseli laini taratibu. Husuni Kubwa, yale magofu ya jumba la kale pale kisiwani, ipe ukurasa mzima, watoto waandike wenyewe walichokiona.

Swali: Asanteni jamani! Tiketi je?

Jibu: Bahasha ndogo.